Kesho Utaumwa

Kati ya cherehani yangu na mkeka wake palikuwa na bati moja tu, tena bati kuukuu lililojaa matundu ya misumari. Kwa miaka mingi, hapo sokoni Sindo, mimi nilishona sare za shule upande huu na yeye akakanda watu upande ule, na hakuna alichomwambia mteja ambacho mimi sikukisikia. Nilisikia wavuvi wenye vifua vipana wakimwita mama yao. Nilisikia shingo zikilia ka! kisha kimya, kisha mtu akicheka peke yake. Zaidi ya yote nilisikia hotuba yake ya kufungia kazi, ile aliyomtolea kila mtu baada ya kumkanda, mtu akiwa bado amelala kifudifudi, hana hata nguvu ya kutafuta viatu vyake.

"Sikia, nyathina," ndivyo alivyoanza. Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu, naye alimwita hivyo hata mzee aliyemzidi umri. "Leo utalala kama gunia. Usishangae. Kesho utaumwa. Hapa, hapa, na hapa. Usikuje kunililia. Hio uchungu ndio dawa inatembea. Kunywa maji ya vuguvugu. Usiguze maji baridi, usiende ziwa, usigombane na mtu. Na usilale na bibi yako leo. Umesikia? Ata kama amejipaka mafuta gani."

Watu walicheka, nami nilicheka na wao. Leo sicheki. Hotuba hiyo ndiyo iliyoniharibia jina katika boma nililoolewa, na kwa miaka yote hii nimetaka kitu kimoja tu kutoka kwake: arudi aseme mbele ya watu kwamba mimi sikukosa. Nitamwita Mkandaji, kama alivyoitwa na soko zima.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye madole gumba yaliyopinda kwa nyuma kuliko ya watu wengine. Majina hayakumkaa kichwani. Migongo ndiyo aliyoikumbuka. Akikutana na mtu njiani hakumwuliza habari ya watoto wala ya shamba. Alisema, "Bega iko?" au "Kiuno inasemaje?" na mwenye bega alijibu kama aliyeulizwa habari ya mjomba wake. Siku moja alimpita diwani bila kumsalimu, halafu akageuka ghafla na kupiga kelele, "Aa, kumbe ni wewe! Sikujua, umekuja na mbele." Diwani mwenyewe alicheka hadi akatoa kitambaa kupangusa macho.

Ufundi wake aliupata Homa Bay, kwa Wajapani. Mume alikuja na mradi wa mpunga, mke akawa anakaa nyumbani, na Mkandaji alikuwa akiwafulia nguo. Siku moja yule mama wa Kijapani alimkuta ameinama kwenye beseni huku ameshika kiuno. Akamlaza sakafuni juu ya mkeka, nguo zake zote mwilini, akaanza kumbonyeza kwa madole gumba kutoka shingoni hadi kwenye nyayo. Bila mafuta, bila kusugua. Aliegemea tu kwa uzito wake, polepole, kama mtu anayepima parachichi sokoni kama limeiva.

"Nililia," Mkandaji aliniambia. "Sikuwa naumwa, nyar Rongo. Nililia tu. Huyo mama akaniambia ni kawaida, mwili ikifunguliwa kitu lazima itoke."

Alikaa nao hadi mradi ukaisha, na walipofunga mizigo alikuwa ameshajua. Akarudi Sindo, akachorewa kibao: SHIATSU. MGONGO, SHINGO, MIGUU. Mwanzoni watu walisimama hapo mlangoni wakiuliza ni kanisa gani hilo jipya na wanasali siku gani.

Nyar Rongo, yaani binti wa Rongo, ni mimi. Huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao, na kwetu ni Rongo, upande wa Migori. Unaweza kukaa Sindo hadi uote mvi, uzae na uzike, bado utaitwa kwa ulikotoka. Siku za raha jina hilo ni tamu. Siku za shida ndipo unakumbuka kwamba maana yake ni mgeni.

Sasa nataka msomaji anisikilize hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Yule mama wa Kijapani alimfundisha pia la kumwambia mtu baada ya kukandwa, na hotuba ya kwanza haikuwa ile niliyoitaja. Miaka ya mwanzo Mkandaji alisema hivi: pumzika, kunywa maji, kula chakula chepesi. Unaweza kuchoka, kichwa kinaweza kuuma kidogo, mwili unaweza kuuma kama umeshinda shambani, na baadaye unakuwa mwepesi. Kisha alimalizia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Lakini ukisikia ganzi, ama mguu ikifura, ama uchungu ikazidi badala ya kupungua, usikuje kwangu. Enda hospitali, na uende mbio." Hayo niliyasikia kwa masikio yangu kupitia matundu ya bati, tena si mara moja, na hakuna atakayeniambia nilikosea kusikia.

Wateja hawakuipenda sentensi hiyo. Mvuvi mmoja alikaa kitako kwenye mkeka akamwambia, "Mama, kama unanituma hospitali, si ningeanzia huko?" Wengine walirudi kulalamika kwamba kesho yake hawakuumwa popote, kwa hiyo walikuwa wamepapaswa tu. Huku kwetu sindano isiyouma ni maji, na dawa isiyo chungu ni juisi. Tena dawa isiyo na mwiko nani ataiamini? Hata mtoto akipewa mzizi wa kuchemsha, lazima aambiwe asivuke njia panda, au asile samaki fulani, ndipo mama yake arudi nyumbani ameridhika.

Basi Mkandaji akawapa walichotaka. Siwezi kusema ni siku gani, kwa sababu haikuwa siku. Madole gumba yalianza kuingia ndani zaidi. Sentensi ya hospitali ikafupishwa, ikawa ya kunong'onwa, ikawa ya kuambiwa wageni tu, mwishowe ikapotea. Mahali pake ikaingia miko: maji baridi, ziwa, ugomvi, kitanda. Mama wa Kijapani wa watu hakuwahi kusema lolote kuhusu kitanda. Lakini mwiko huo ndio uliopendwa kuliko yote, kwa sababu ulichekesha, na kwa sababu mtu asipopona ulikuwa tayari na jibu. Alirudi analalamika, naye Mkandaji akamwuliza kwa upole, "Ulioga na maji gani?" Nani katika kijiji cha wavuvi hajashika maji baridi? Mtu aliinamisha kichwa, akalala tena kwenye mkeka, na kosa likabaki lake.

Nilimwuliza siku moja tukinywa chai, "Mbona siku hizi humwambii mtu habari ya hospitali?"

"Nyar Rongo," akasema, "wewe ukimshonea mtu nguo, unamwambia itararuka?"

Alikuwa na majibu mazuri, huyo mwanamke.

Mgala muue na haki umpe. Alisaidia watu wengi, na nikisema hapana nitakuwa mwongo kama wengine ninaowajua. Akina mama wanaobeba omena, dagaa wa ziwani, kichwani walifika shingo zimekauka, wakatoka wakitazama huku na huku kama watoto. Kulikuwa na dereva wa lori, Mkuria wa Isebania, ambaye kila akipata mzigo wa upande huu alikuja kunyooshwa kiuno, na alilala kwenye ule mkeka akikoroma hadi tukashindwa kusikilizana. Wajane hakuwatoza kitu. Mtu akianza kulia wakati anakandwa, na walikuwa wengi kuliko unavyofikiri, alifunga mlango, akawaambia waliokuwa foleni wakatembee, akakaa naye bila kumwuliza neno. Siri alizosikia pale hakuzitoa nje kamwe. Soko lilizisikia kupitia kwa bati, si kupitia kwa mdomo wake. Ndiyo maana yaliyonipata baadaye yaliniuma mara mbili.

Lakini huyo huyo aliyewakataza watu tembe za maumivu, akisema zinaua dawa inayotembea, alikuwa nazo kwenye fundo la leso yake. Jioni akifunga kazi alizimeza mbili kwa maji ya mtungi, maji baridi hayo, akajinyoosha vidole na kupiga miayo. Nilimwona mara nyingi. Na binti yake alipokuwa mjamzito, mguu mmoja ukafura, Mkandaji hakumgusa hata kwa kidole. Alimpandisha bodaboda asubuhi ile ile akampeleka Homa Bay hospitalini, na njia nzima, alivyosimulia binti mwenyewe, alikuwa akimpigia dereva kelele aongeze mwendo. Binti yake hakuambiwa kwamba hiyo ni dawa inatembea.

Hayo nilikuja kuyapanga baadaye, nikiwa na muda mwingi wa kupanga mambo.

Mume wangu alikuwa mchimba dhahabu Macalder. Wanaingia kwenye mashimo wakiwa wamejikunja, wanatoka wamebeba mawe kwa magunia, na pesa wakiipata wanaiacha hapo hapo. Wangu angalau alikuwa anarudi nyumbani. Mara hiyo alirudi ameinama, mkono mmoja kiunoni, na mguu wa kulia anauburuta. Hakutaka kusikia neno daktari. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkandaji, na mimi nikabaki nikishona suruali ya mtu huku nikimsikia mume wangu akiguna upande wa pili wa bati. Mkandaji alipomaliza alimtolea hotuba yote, halafu akapaza sauti ili nami nisikie.

"Na wewe huko kwa cherehani, umesikia? Leo huyu ni wangu. Usimguze!"

Soko zima likacheka. Muuza nyanya akaniambia nijifunge kamba. Mimi nikajibu kwamba nitalala kwa mama mkwe na kufuli nje. Utani wa sokoni, basi, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini kila mtu alisikia.

Usiku ule mume wangu alilala chini kwenye mkeka kama alivyoagizwa, mimi nikalala kitandani na watoto. Hakuwa mtu wa kugusa mtu. Kujigeuza tu kulimshinda, nilimsaidia. Asubuhi aliamka na maumivu kuliko ya jana, na alifurahi. "Imeshika," aliniambia, jasho likimtoka. "Alisema nitaumwa. Hii ndio yenyewe."

Kufika mchana akasema hasikii anapokalia. Kama amekalia kitu kisicho chake. Kisha akashindwa kukojoa. Nikasema twende hospitali. Mama mkwe akasema hapana, aitwe Mkandaji kwanza, kwa nini tukate dawa katikati? Mume wangu naye akamuunga mkono mama yake. Mkandaji akaja. Alipiga magoti, akashika nyayo za mume wangu, akabonyeza, akamwuliza anasikia. Hakusikia. Niliuona uso wake. Ulibadilika, ukakaa hivyo kidogo, halafu akaurudisha ulivyokuwa, kama mtu anayerudisha kitambaa juu ya chakula.

"Ni dawa inatembea," akasema. "Mpe maji ya vuguvugu. Itafungua."

Nilipiga kelele. Nilisema hata sentensi yake mwenyewe ya zamani, ya ganzi na kwenda mbio. Mama mkwe akanishika mkono, akaniambia ugomvi pia ni mwiko, nitamharibia mtoto wake. Tukangoja. Tulipomfikisha Homa Bay alikuwa anabebwa na watu wanne, miguu inaning'inia.

Daktari alinieleza kwa maneno mepesi, na simlaumu kwa lolote. Kitu laini cha kati ya mifupa ya mgongo kilikuwa kimechomoka na kubana mishipa ya fahamu. Kama kukandwa kulizidisha au hakukuzidisha, hakuna awezaye kujua. Lakini ile ganzi ya mahali pa kukalia ndiyo iliyokuwa kengele, na kengele ikilia mtu hukimbia. Mngekuja siku ile ile, alisema. Maji yakimwagika hayazoleki. Mume wangu hajatembea tena.

Nilikaa naye wodini hadi nikajua majina ya wafagiaji wote. Tuliporudi Sindo nilikuta kesi yangu imeshasikilizwa na hukumu imeshatolewa. Tulivunja mwiko. Nyar Rongo alishindwa kumwacha mume wake apumzike usiku mmoja. Mwenye kujua zaidi akatamka neno lenyewe, chira, ile laana inayomla mtu akivunja mwiko wa boma, kana kwamba mkeka wa sokoni umekuwa boma la mababu. Sikuambiwa usoni, isipokuwa na mama mmoja niliyekuwa nampima kiuno. "Lisemwalo lipo, dada," akaniambia, mikono juu, utepe wangu umemzunguka. Nilimpima hadi mwisho. Nguo yake nilimshonea vizuri pia, na mpaka leo najishangaa.

Mama mkwe aliacha kula chakula changu. Alisema tumbo lake halitaki mafuta. Kanisani nilitolewa kwenye kundi la akina mama wanaowatembelea wagonjwa, kwa sababu eti nina mgonjwa wangu. Nilimwomba mume wangu aseme. Wewe ulikuwepo, nilimwambia, wewe unajua hatukugusana. Waambie. Alikuwa akigeuza uso ukutani na kusema, "Yameshapita hayo." Nikadhani ni majonzi. Nilimwonea huruma, nikambadilishia shuka.

Wa kulaumiwa nilimjua. Nani mwingine alikuwa na faida? Kama mwiko ulivunjwa, basi mikono ya Mkandaji ilikuwa safi na hotuba yake ilikuwa kweli. Sikuhitaji kwenda shule ya sheria kuliona hilo. Lakini hata kabla sijajipanga kumkabili alifunga chumba, akang'oa kibao chake, akahamia Homa Bay kwa binti yake. Upande wa pili wa bati wakaingia wauza simu. Kwa miaka nilishona nikisikiliza muziki wa kupima spika, na nilimchukia kila siku ya Mungu.

Mwaka huu nilikwenda Homa Bay kuchukua mifuko ya mkojo ya mume wangu. Nilipotoka dirisha la dawa nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, amevaa sweta kukiwa na jua, mikono juu ya mapaja. Ile mikono ilikuwa imekwisha. Vidole vimekunjika kwa ndani, havifunguki. Mlango ukafunguka, akatoka kijana wa koti jeupe, akainama ili asikike vizuri.

"Mama, leo jioni unaweza sikia uchungu kidogo, hio ni kawaida. Lakini ikizidi, ama usikie ganzi, usikae nayo. Rudi hapa haraka. Sawa?"

"Sawa, daktari. Asante, daktari," akasema Mkandaji.

Nikacheka. Sikukusudia, kilitoka chenyewe, kicheko kibaya ambacho hata mimi nilikiogopa. Akageuka, akaniona. Hakushtuka. Alisogea kidogo kwenye benchi kunipa nafasi, nami nikakaa, mifuko mapajani.

"Nyar Rongo."

"Mama." Heshima ni tabia, haikutoki hata ukiwa umejaa sumu. "Hio maneno ya huyo kijana uliijua."

"Niliijua."

"Siku ile ulishika miguu yake, ulijua."

Alitazama mikono yake. "Nilijua sio kawaida. Niliogopa. Nikisema enda hospitali, watu watasema ni mimi nimemvunja."

"Kwa hivyo ukasema ni mimi."

"Hapana." Akainua uso. "Hio sikutunga. Nilibeba tu. Kutunga sikutunga."

"Nani basi?"

"Wacha tu, nyathina."

"Nimekaa na hii kitu miaka yote. Nimekosana na mama mkwe, nimetolewa kanisani. Usiniambie wacha tu. Nani?"

Wagonjwa walipita mbele yetu, mtoto akilia anataka soda. Kisha akaniambia, akiwa anatazama ukuta wa wodi ng'ambo ya uwanja. Alikuja kumwona mume wangu mle wodini siku za kwanza, mimi nikiwa nimetoka kununua uji. Alikuja kuomba msamaha, akaapa kwa jina la Mungu kwamba alikuja kwa hilo. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Sijafungua mdomo, yeye akaanza. Akaniambia, 'Mama, ni mimi nilivunja mwiko. Ile usiku nilishindwa kuvumilia.' Nikamwangalia. Nyar Rongo, huyo mtu nilimkanda na hii mikono. Nilijua alikuwa anaweza nini na hawezi nini. Hakuwa anaweza ata kujigeuza. Nilijua ni uongo saa hio hio."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilisema asante Mungu, ndani ya roho. Nilitoka hapo nikiwa mwepesi. Watu wakaniuliza sokoni, nikawaambia amekubali mwenyewe. Na ilikuwa kweli. Alikubali mwenyewe."

"Kwa nini aseme hivyo? Kwa nini aniuze?"

"Daktari alikuwa amempitia asubuhi. Alikuwa amemwambia miguu haitarudi, na mambo ya mwanaume pia haitarudi. Alitaka watu wakuwe na usiku moja ya kukumbuka juu yake. Ata kama haikukuwa."

Nilimwamini. Si kwamba Mkandaji hakuwa mwongo, maana uongo wake wa kukata sentensi katikati ndio uliotufikisha pale. Niliamini kwa sababu ya ule uso wa mume wangu uliogeuka ukutani kila nilipomwomba aseme. Na niliamini kwa sababu ya wanaume wenzake wanaokuja kumsalimia Jumapili. Humtania. Humwambia, "Omera, ndugu yangu, wewe ulikufa vitani," wakagonga mikono, naye hutabasamu, tabasamu la kweli, ambalo mimi silipati. Mimi ndiye ninayewapikia chai wakicheka. Kumbe kisu kilichonichinja mimi ndicho yeye alichokuwa akikatia mkate wake.

Niliitafuta ile hasira yangu ya zamani juu ya Mkandaji nikaikuta ipo pale pale, haijapungua hata chembe. Ila sasa ilikuwa imepata mwenzake, na huyo mwenzake analala nyumbani kwangu, anageuzwa na mimi, anaogeshwa na mimi. Nililia hapo kwenye benchi mbele za watu. Mkandaji alitaka kunishika mgongo kwa ile mikono yake iliyokunjika, nikausogeza mgongo.

"Nitakuja kwako," akasema. "Nimezeeka, sina mteja wa kupoteza. Nitakaa mbele ya mama mkwe na niseme mwiko haikuvunjwa, na niseme ata hio mwiko nilitoa kwa kichwa yangu. Lakini nikianza nitasema yote. Siwezi kukata nusu tena, imenitesa. Nitasema ni bwana yako alidanganya, na sababu yake. Ukitaka jina yako ioshwe, yake itachafuka. Na hana kitu ingine amebaki nayo. Fikiria kwanza."

Nikafikiria. Nilimfikiria mume wangu kule nyumbani, amelala chali, akisubiri mifuko niliyokuwa nimeipakata. Nilifikiria lile tabasamu lake la Jumapili, na jinsi litakavyotoka usoni mbele ya mama yake. Nilifikiria sahani zangu anazozikataa mama mkwe. Sikufikiria kwa muda mrefu.

"Sasa," akauliza Mkandaji, "nikuje ama nisikuje?"

"Kuja," nikamwambia. "Kuja Jumapili mchana. Hio siku marafiki zake wanakuwanga kwetu wengi."